Haile Selassie na Mwisho wa Ufalme wa Uhabeshi

Mwanzoni mwa mwaka 1972 mazungumzo ya kuvimaliza vita vya Sudan ya Kusini yalikwama mjini Addis Ababa juu ya jambo moja, nalo ni jeshi. Mengine yalikwisha kupatiwa njia: Kusini ingekuwa na serikali yake ya jimbo, makao yake makuu yakiwa Juba, na baraza lake la kutunga sheria. Lakini wajumbe wa serikali ya Khartoum, wakiongozwa na Bwana Abel Alier, walitaka jeshi liwe moja chini ya amri moja, na wajumbe wa wapiganaji wa Anya-Nya hawakuwa tayari kuzikabidhi silaha zao kwa watu waliokuwa wakipigana nao hadi jana. Ndipo shauri likapelekwa kwa mwenyeji wao, mzee aliyekaribia umri wa miaka 80, Mfalme Haile Selassie wa Kwanza. Jawabu lililopatikana lilikuwa la hesabu: askari wa Kusini wawe 12,000, na kati yao 6,000 wawe wenyeji wa Kusini. Mapatano yakatiwa saini tarehe 27 Februari 1972, na mwezi mmoja baadaye Jenerali Joseph Lagu akaja Addis Ababa yeye mwenyewe, yakathibitishwa.

Watu wazima wa Juba wanayakumbuka matunda ya mapatano hayo, yaani miaka 11 ya amani, mpaka yalipovunjwa mwaka 1983. Wachache zaidi hukumbuka kwamba mzee huyo aliyesaidia kulipatanisha jeshi la wenzake, baada ya miaka miwili na nusu tu aliondolewa kitini na jeshi lake mwenyewe. Habari zake ni ndefu, nazo zimefungamana na vita toka mwanzo hadi mwisho.

Tafari Makonnen alizaliwa tarehe 23 Julai 1892 katika kijiji cha Ejersa Goro, jimbo la Harar. Baba yake, Ras Makonnen, alikuwa miongoni mwa majemadari walioishinda Italia pale Adwa mwaka 1896. Mwaka 1916 Tafari alifanywa mrithi wa kiti na msimamizi wa ufalme chini ya Malkia Zewditu. Mwaka 1923 nchi ikaingia katika Shirikisho la Mataifa. Na tarehe 2 Novemba 1930 akavikwa taji kwa jina la Haile Selassie, maana yake Nguvu ya Utatu. Mwaka uliofuata alitoa katiba ya kwanza ya nchi hiyo, ingawa katiba yenyewe ilimwachia Mfalme karibu mamlaka yote. Mkewe, Malkia Menen, naye alianzisha shule ya wasichana iliyoitwa kwa jina lake.

Waitalia hawakuisahau Adwa. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini yalivuka mpaka kutoka Eritrea bila ya kutangaza vita. Walikuja na ndege, vifaru na mizinga, na walipoona vita vinachelewa wakatumia hewa ya sumu, ambayo huunguza ngozi na macho na kuziba pumzi. Wahabeshi wengi walipigana kwa bunduki za zamani, wengine kwa panga na mikuki. Tarehe 31 Machi 1936 Mfalme mwenyewe aliongoza mapambano ya Maychew, akiwapeleka mbele Walinzi wa Mfalme, kikosi kilichofunzwa vizuri kupita vyote. Walipigana kutwa nzima, wala hawakulivunja boma la adui.

Aliporudi Addis Ababa palikuwa na jambo zito la kuamuliwa. Je, Mfalme abaki apigane milimani, au atoke akaishtaki Italia mbele ya ulimwengu? Baraza la wakuu likapiga kura: 21 wakataka aondoke, watatu wakakataa. Tarehe 2 Mei 1936 alipanda garimoshi la kwenda Djibouti pamoja na familia yake, na siku tatu baadaye Waitalia wakaingia katika mji mkuu.

Askari yeyote anaweza kuona kwa nini uamuzi huo ulilaumiwa. Katika Uhabeshi mfalme alikuwa ndiye jemadari. Mfalme Tewodros alijiua pale Maqdala mwaka 1868 ili asitekwe na Waingereza. Mfalme Yohannes wa Nne aliuawa vitani mwaka 1889 pale Metemma, mpakani na Sudan, akipigana na majeshi ya Mahdi. Kumwona mfalme akipanda garimoshi hali watu wake wanabaki na bunduki mkononi lilikuwa jambo geni na chungu. Kwa upande mwingine, lau angeuawa au kutekwa, Italia ingaliweza kuuambia ulimwengu kwamba Uhabeshi haina tena serikali. Yaliyotokea mwaka 1941 yanaelekea kuonyesha kwamba wale 21 hawakukosea, lakini waliobaki milimani hawakuwa na njia ya kulijua hilo.

Tarehe 30 Juni 1936 alisimama mjini Geneva mbele ya Shirikisho la Mataifa. Kabla hajatamka neno, waandishi wa habari wa Kiitalia waliokuwa ghorofani walimpigia miluzi na kumzomea. Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Rumania, Nicolae Titulescu, aliinuka kwa hasira na kutaka washenzi hao watolewe nje. Kelele zilipokwisha, Mfalme alisema kwa Kiamhari, kwa sauti ya utulivu, akieleza jinsi hewa ya sumu ilivyomwagwa kutoka angani juu ya watu, mifugo na mito. Alionya kwamba yaliyoifika nchi yake yangezifikia nchi nyingine ndogo. Shirikisho halikumsaidia kitu. Hata vikwazo vya biashara vilivyokuwa vimewekwa juu ya Italia viliondolewa mwezi uliofuata.

Akaishi Uingereza miaka minne, katika mji wa Bath, nyumba iitwayo Fairfield. Mtu asidhani yalikuwa maisha ya anasa. Fedha zilikuwa haba, vyombo vya fedha vya mezani vikauzwa kwa mnada, na Malkia Menen, ambaye baridi ya kule haikumwafiki, alikaa muda mwingi Jerusalem. Nyumba hiyo baadaye Mfalme aliitoa zawadi kwa mji wa Bath itumike kwa wazee.

Huku nyuma nchi haikutulia. Mwezi Februari 1937, baada ya vijana wawili kumtupia mabomu Graziani, gavana mkuu wa Kiitalia, askari na raia wa Kiitalia waliwaua wenyeji wa Addis Ababa kwa muda wa siku tatu, nyumba zikachomwa moto na watu waliomo ndani. Maelfu walikufa. Wazalendo wakaongezeka milimani, wala hawakuwa wanaume peke yao. Bibi Shewareged Gedle, aliyetoka katika ukoo mkubwa, aliitumia mali yake kuwapatia wapiganaji silaha na mahitaji. Alikamatwa, akateswa, akapelekwa kifungoni Italia, na aliporudi akaendelea na kazi ile ile.

Mlango ulifunguka tarehe 10 Juni 1940, Italia ilipojiunga na vita upande wa Ujerumani. Katika mwezi wa Julai Mfalme alikuwa amekwisha fika Khartoum kwa siri. Maofisa wa Kiingereza wa serikali ya Sudan hawakumfurahia. Wengine walimwona kuwa ni mzigo, na walikuwa na hesabu zao juu ya nchi yake. Aliyemwamini alikuwa Meja Orde Wingate, mtu wa tabia za ajabu lakini hodari wa vita vya msituni. Tarehe 20 Januari 1941 Mfalme alivuka mpaka pale Um Iddla, akapandisha bendera ya Uhabeshi kwa mkono wake. Jeshi la Wingate, pamoja na kikosi cha mpakani cha askari wa Sudan, halikufika watu 2,000, nalo lilikabili Waitalia waliolizidi mara nyingi. Mizigo ilibebwa na maelfu ya ngamia, ambao karibu wote walikufa njiani kwa baridi na miinuko ya Gojjam.

Majeshi mengine yaliingia kutoka kila upande. Kutoka Kenya waliingia Keya pamoja na askari wa Nigeria, Gold Coast na Afrika ya Kusini, na hao ndio walioutwaa mji wa Addis Ababa tarehe 6 Aprili 1941. Juba nayo ina sehemu yake katika vita hivyo. Askari wa Kongo ya Wabelgiji walikuja kwa malori kutoka mpaka wa Kongo hadi Juba, wakapanda meli za mtoni wakateremka Mto Nile mpaka Malakal, kisha wakaupandisha Mto Sobat kuelekea Gambela. Mwezi wa Julai 1941 Jenerali Gazzera wa Italia alisalimu amri mbele yao pale Saio. Safari ile ilikuwa ndefu ajabu, na si kawaida kuiona ikitajwa vitabuni.

Waingereza walimzuia Mfalme asiingie mjini kwa haraka, wakidai kwamba raia wa Kiitalia wangelipiziwa kisasi. Hatimaye aliingia tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu siku Waitalia walipoingia, na amri yake ya kwanza kwa watu wake ilikuwa kwamba wasilipe ubaya kwa ubaya. Siku sita baadaye aliteua mawaziri bila ya kumwomba mtu ruhusa. Maofisa wa Kiingereza, waliokuwa wakiihesabu nchi hiyo kuwa ni eneo la adui lililotekwa, walilalamika; lakini jambo limekwisha kufanyika. Kwa mapatano ya mwaka 1942, kisha ya 1944, alijirudishia mamlaka hatua kwa hatua. Katika kazi ya namna hiyo, ya kungoja, kubembeleza na kushikilia, hakuwa na mwenzake.

Kulikuwa na doa. Nchi iliyotoka vitani huwa na watu wa namna tatu: waliopigana porini, waliokuwa ng'ambo, na waliomtumikia adui. Mfalme aliwahitaji wote, na vyeo vingi viliwaendea waliokuwa naye ng'ambo, hata na baadhi ya waliofanya kazi na Waitalia, kwa kuwa walijua kusoma na kuendesha ofisi. Waliobaki milimani wakanung'unika. Belay Zeleke, shujaa wa Gojjam aliyewasumbua Waitalia kwa miaka yote mitano, aligombana na serikali, akanyongwa mwaka 1945 mjini Addis Ababa. Watu wa Gojjam hawakulisahau jambo hilo.

Miaka iliyofuata ilimkuza Mfalme machoni pa ulimwengu. Askari wake walipigana Korea tangu mwaka 1951, na mwaka 1960 wakapelekwa Kongo chini ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 25 Mei 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliasisiwa katika mji wake mkuu. Nyumbani, hata hivyo, mambo yalikwenda polepole. Mkulima aliendelea kumlipa mwenye ardhi sehemu kubwa ya mavuno. Eritrea, iliyounganishwa na Uhabeshi kwa shirikisho mwaka 1952, ilinyang'anywa serikali yake ya ndani mwaka 1962, na vita vya huko vikaendelea kwa miaka 30.

Onyo la kwanza lilitoka kwa wale waliokula kiapo cha kumlinda. Mwezi Desemba 1960, Mfalme akiwa ziarani Brazil, Jenerali Mengistu Neway, kamanda wa Walinzi wa Mfalme, pamoja na ndugu yake Germame, waliutwaa mji mkuu na kumfanya mrithi wa kiti, Asfa Wossen, asome tangazo redioni. Jeshi la nchi kavu na la anga halikuwafuata. Walipoona wameshindwa, waliwapiga risasi mawaziri na wakuu waliokuwa wamewafungia ndani ya kasri. Mfalme alirudi, jenerali akanyongwa, na serikali ikaendelea vile vile kana kwamba hakuna kilichosemwa.

Kisha ikaja njaa. Tangu mwaka 1972 mvua zilikosekana katika Wollo na Tigray, na watu wakafa kwa maelfu mengi huku maofisa wakificha habari ili nchi isione aibu. Mwezi Oktoba 1973 mwandishi wa Kiingereza, Jonathan Dimbleby, alizionyesha picha za njaa hiyo katika televisheni ya kwao, na kuanzia hapo haikufichika tena.

Lakini cheche yenyewe ilitoka kisimani. Huko Negele, katika jimbo la Sidamo upande wa kusini, pampu ya maji ya askari wa kawaida iliharibika. Maofisa walikuwa na kisima chao, wakakataa kuwagawia. Chakula nacho kilikuwa kibovu. Tarehe 12 Januari 1974 askari waliwakamata maofisa wao. Mfalme alimtuma jenerali kwenda kusikiliza. Nao wakamweka, wakamlisha chakula kile kile na kumnywesha maji yale yale wanayokunywa wao, mpaka akaugua. Mfalme akaahidi kulitazama jambo hilo, wala hakumwadhibu mtu. Waasi wakapeleka habari kwa redio za jeshi, na kambi moja baada ya nyingine ikajua kwamba jambo hilo linawezekana.

Kila mke wa askari anaweza kukisia hali ya majumbani katika miezi ile. Bei ya mafuta ilipanda, na madereva wa teksi wakagoma. Walimu nao wakagoma. Mwezi Februari Divisheni ya Pili ikaasi mjini Asmara ikidai mishahara. Waziri Mkuu Aklilu Habte-Wold alijiuzulu, akafuatwa na Endalkachew Makonnen, naye hakumaliza miezi mitano. Tarehe 28 Juni 1974 wajumbe waliochaguliwa na vikosi mbalimbali, kuanzia askari wa kawaida hadi meja, walikutana Addis Ababa wakaunda kamati iliyoitwa Derg. Hawakumgusa Mfalme mara moja. Walianza na waliomzunguka, wakiwakamata mawaziri, majenerali na jamaa zake, na mara nyingi wakifanya hivyo kwa jina lake mwenyewe, hata akabaki peke yake ndani ya kasri.

Usiku wa tarehe 11 Septemba, siku ya mwaka mpya wa Kihabeshi, televisheni ya Addis Ababa iliionyesha filamu ya njaa ya Wollo, ikiwa imechanganywa na picha za karamu za kifalme. Asubuhi yake, tarehe 12 Septemba 1974, maofisa wachache waliingia kasrini, wakamsomea Mfalme tangazo la kumwondoa. Inaelezwa kwamba aliwajibu kuwa ikiwa jambo hilo ni kwa faida ya wananchi, yeye hatalipinga. Akatiwa katika gari dogo la Volkswagen, akapelekwa katika makao ya Divisheni ya Nne, na njiani vijana wakamwita mwizi.

Hapa yafaa kumkumbuka mfalme mwingine, wa Rumania ile ile ya Bwana Titulescu. Mfalme Michael alikuwa na umri wa miaka 22 tu alipomkamata dikteta Antonescu tarehe 23 Agosti 1944 na kuiondoa nchi yake katika upande wa Ujerumani. Kwa tendo hilo alisifiwa na pande nyingi, hata Urusi ikampa nishani yake ya juu kabisa ya vita. Haikumfaa kitu. Tarehe 30 Desemba 1947 serikali ya Kikomunisti ilimlazimisha kutia saini karatasi ya kujiuzulu huku kasri limezungukwa na askari. Lakini yeye aliachwa atoke, akafanya kazi ya kujaribu ndege ng'ambo, akafa Uswisi mwaka 2017 akiwa na miaka 96. Haile Selassie hakutakiwa kutia saini yoyote, wala hakuachwa atoke.

Derg kwanza ilimtangaza Asfa Wossen, aliyekuwa akitibiwa Geneva, kuwa mfalme mteule. Yeye akakaa huko huko. Usiku wa tarehe 23 Novemba 1974 watu wapatao 60 waliuawa bila ya mahakama, wakiwamo mawaziri wakuu wawili waliotajwa hapo juu na Jenerali Aman Andom, ambaye miezi miwili tu kabla alikuwa mwenyekiti wa Derg yenyewe. Mwezi Machi 1975 ufalme ukafutwa kwa amri. Tarehe 28 Agosti 1975 redio ikatangaza kwamba Mfalme wa zamani amefariki jana yake kwa ugonjwa. Baada ya Derg kuanguka mwaka 1991, mashahidi walieleza mahakamani kwamba alinyongwa kwa kuzibwa pumzi kitandani mwake. Mengistu Haile Mariam, aliyekuwa amekwisha kimbilia Zimbabwe, alipatikana na hatia ya mauaji ya halaiki mwezi Desemba 2006 pasipo yeye kuwapo.

Wanawake wa ukoo huo hawakuwa wameongoza jeshi wala wizara ya fedha. Binti wa Mfalme, Tenagnework, pamoja na mabinti zake na jamaa wengine, walifungwa mwaka 1974 bila ya kushtakiwa, wakatoka mwaka 1988. Binti waliyeingia naye kifungoni akiwa kijana alitoka akiwa mtu mzima.

Mifupa ya Mfalme ilipatikana mwaka 1992, imefukiwa chini ya jengo ndani ya ua wa kasri. Ikahifadhiwa kanisani miaka minane, kisha tarehe 5 Novemba 2000 ikazikwa katika Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu mjini Addis Ababa, ubavuni mwa Malkia Menen aliyefariki mwaka 1962. Hayakuwa maziko ya serikali. Katika waliolifuata jeneza walikuwamo wazee waliovaa sare za vita vya Waitalia, na nishani zao kifuani.